Panga Kurudi Kabla ya Kwenda: Safari za Mtu wa Delta Mwenye Viza ya Mwenza

Mwongozo huu ni wako wewe uliyezaliwa Kibiti, Bungu, Ruaruke, Salale, Kiongoroni, Msala au kokote kule kwenye matawi ya Mto Rufiji, ukaolewa au ukaoa nje ya nchi, na sasa unaishi ugenini kwa viza ya mwenza. Unataka kuja nyumbani kumwona mama. Au dada yako yuko Denmark na anakaribia kujifungua. Au mumeo amesikia habari za Mafia na anataka kufika. Nitakaa zaidi kwenye masharti ya Uingereza, kwa sababu yana vifungu vingi na hubadilika haraka, kisha nitagusa Ujerumani, Marekani na Ghuba. Ada na viwango ninavyotaja ni vya mwaka 2025. Siku ya kulipa, soma tovuti ya serikali ya nchi yenyewe na usitegemee ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Kuondoka hakuna shida. Hakuna afisa atakayekuzuia Heathrow ukienda zako. Ugumu wote uko kwenye kurudi, kwa sababu kibali chako kimeshikiliwa na vitu vitatu: ndoa yenyewe, tarehe, na siku hizi akaunti ya mtandaoni. Kimoja kikilegea ukiwa upande huu wa bahari, utajikuta unaomba upya kama mtu ambaye hajawahi kufika huko. Ndiyo maana nasema safari ya mwenye viza ya mwenza hupangwa kuanzia mwisho: kwanza siku ya kuingia tena nyumbani kwako ugenini, halafu siku ya ndege, halafu siku ya kutoka kijijini, na mwisho kabisa siku ya kwenda.

Hesabu siku kuanzia kwenye boti

Mtu wa Kinondoni akipewa likizo ya wiki tatu, anazo wiki tatu. Wewe wa delta huna. Ndege kutoka Uingereza itakupitisha Doha, Dubai, Istanbul, Addis Ababa, Nairobi au Amsterdam kabla ya kukufikisha Dar es Salaam. Kutoka hapo ni gari la Barabara ya Kilwa kupitia Mbagala na Mkuranga. Kama kwenu ni Kibiti mjini, safari inaishia kwenye lami. Kama kwenu ni visiwani, ukifika Bungu unakata kushoto kuelekea Nyamisati, na kuanzia hapo mwenye ratiba ni bahari.

Unajua mwenyewe mambo ya maji, lakini miaka ya kuishi mjini husahaulisha. Saa ya maji kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo boti iliyoondoka alfajiri leo haitaondoka saa hiyo hiyo wiki ijayo. Wakati wa bamvu maji hujaa sana na kupwa sana. Ukikosea saa, boti hukaa juu ya tope katikati ya mikoko mpaka maji yarudi, na hiyo ni saa kadhaa za kuumwa na mbu. Kabla ya kukata tiketi ya ndege, mpigie nahodha au ndugu anayefanya safari za Nyamisati umuulize maji ya wiki ile yatakuwaje. Kalenda ya mwezi mwandamo iliyoko msikitini pia inatosha: mwezi ukiandama na ukipevuka, bamvu ipo.

Kanuni ninayowapa watu ni hii: toka kisiwani siku tatu kabla ya ndege, na siku mbili za mwisho uzilale Dar. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ongeza nyingine mbili. Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yalifunika mashamba na nyumba Kibiti na Rufiji, na kabla watu hawajapumua, mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapita karibu na Mafia. Kwa anayetoka ng'ambo ya mto, kama Muhoro, angalau daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 limeondoa adha ya kungoja kivuko cha Ndundu, lakini barabara za ndani bado huliwa na maji.

Sasa linganisha hesabu hiyo na tarehe ya viza. Viza ya kwanza ya mwenza unayoombea Tanzania kwenda Uingereza hutolewa kwa miezi 33, na ukiiongeza ukiwa huko unapewa miezi 30. Usikubali tarehe ya kurudi iangukie mwezi wa mwisho. Ikiisha ukiwa Kiongoroni, hakuna ofisi ya kuiongezea. Utaanza ombi jipya kutoka Dar, kwa ada inayozidi pauni 1,900, pamoja na ada ya huduma ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa miezi 33 hufika pauni 3,105. Mumeo au mkeo atatakiwa aonyeshe tena kipato, na kiwango cha pauni 29,000 kwa mwaka kilichoanza Aprili 2024 kinaweza kuwa juu kuliko kile mlichopimwa nacho mara ya kwanza. Fedha hizo zingejenga nyumba ya bati Bungu. Tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe ni ghali kidogo, lakini kwa mtu wa visiwani hiyo ndiyo tiketi ya kununua.

Kuhusu kukaa nje kwa muda mrefu: tofauti na viza za kazi, njia ya mwenza haina idadi maalumu ya siku ambayo ukiizidi unakosa ukaaji wa kudumu baada ya miaka mitano. Wengi hulisikia hilo wakadhani wanaweza kukaa nyumbani mwaka mzima. Afisa atakayepima ombi lako ataangalia kama wewe na mwenzako mnaishi pamoja na mnakusudia kuishi pamoja Uingereza. Ukiwa umekaa Kibiti miezi minane huku mume yuko Leicester, utapaswa kueleza, na maelezo yawe na karatasi: barua ya hospitali ya Mchukwi kama ulikuwa unamuuguza mzazi, tiketi, na mawasiliano yenu. Tunza karatasi hizo tangu siku ile ile. Miaka minne baadaye hutaikumbuka tarehe, na daktari aliyeandika barua atakuwa amehamishwa.

Ombi likiwa mezani, usitoke

Hiki ndicho kifungu kinachowaumiza watu kuliko vyote. Ukiwa umepeleka ombi la kuongeza muda au la ukaaji wa kudumu ukiwa ndani ya Uingereza, na jibu halijatoka, ukitoka nje ya Uingereza, Ireland na vile visiwa vya jirani vya Man, Jersey na Guernsey, ombi lako linahesabika umeliondoa mwenyewe. Ada haitakuokoa na ndoa halali haitakuokoa. Watu wengi hupeleka ombi la kuongeza muda katika siku 28 za mwisho za viza, na jibu linaweza kuchukua wiki nane au zaidi. Ina maana una kipindi cha miezi mitatu hivi, kila baada ya miaka miwili na nusu, ambacho hupaswi kupanga safari yoyote. Kiandike kwenye kalenda mapema, na uwaambie wa nyumbani wasipange harusi ya mdogo wako ndani yake wakitaka uwepo.

Lakini mauti hayasomi kalenda. Mzazi akizidiwa wakati ombi halijapelekwa, fikiria huduma ya haraka ya kulipia, kama ipo kwa aina ya ombi lako: pauni 1,000 juu ya ada ya kawaida, na uamuzi kwa kawaida hutoka siku ya kazi inayofuata baada ya kutoa alama za vidole. Ni fedha nyingi. Kwa mtu ambaye baba yake amelazwa Muhimbili, nimeona inafaa kuikopa.

Na kama msiba umekwisha kutokea huku ombi liko mezani, nakuomba usikimbilie uwanja wa ndege. Wengi wetu delta tunazika kwa taratibu za Kiislamu, siku hiyo hiyo au kesho yake. Kutoka Birmingham mpaka Mbwera hutawahi mazishi hata ukiondoka saa ile ile uliyopigiwa simu; utafika kaburi limeshafukiwa, na ombi lako litakuwa limekufa pia. Tuma mchango wa sanda na chakula, zungumza na kaka mkubwa, na ujipange kwa arobaini. Jibu likishatoka, njoo ukae siku nyingi, ukazuru kaburi kwa utulivu. Zungumza na wazazi kuhusu jambo hili wakiwa hai, wakuelewe na wakuridhie, ili siku hiyo asitokee shangazi wa kukwambia umeitupa familia kwa ajili ya karatasi.

Akaunti iwe mkononi mwako

Zile kadi za ukaaji za Uingereza nyingi ziliisha muda tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hadhi yako iko kwenye akaunti ya mtandaoni iliyounganishwa na namba ya pasipoti. Shirika la ndege huiangalia kompyutani unapokabidhi mizigo. Ukibadilisha pasipoti ukasahau kuingiza namba mpya kwenye akaunti, mfumo hautakuona, na mhudumu wa kaunta Dar hana mamlaka ya kukuhurumia.

Fanya haya ukiwa bado ugenini. Fungua akaunti mwenyewe, kwa barua pepe yako mwenyewe. Hakikisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti vimeandikwa sawasawa na ilivyo kwenye kitabu. Kuingia kwenye akaunti kunahitaji namba ya siri inayotumwa kwa simu au barua pepe. Chagua barua pepe, kwa maana laini yako ya Uingereza inaweza isishike mtandao ukiwa ndani ya mikoko, na kadi yake unaweza kuipoteza kwenye boti. Chukua pia ule msimbo wa kuthibitishia hadhi, ambao tovuti inauita share code. Hudumu siku 90, kwa hiyo unatosha safari ya kawaida. Uandike kwenye karatasi. Simu huzama, karatasi iliyofungwa vizuri huelea.

Pasipoti yenyewe usiipeleke kisiwani bila sababu. Ukishagongewa muhuri Dar, iache kwa ndugu unayemwamini Dar au Kibiti, na wewe uende kijijini na kitambulisho cha NIDA pamoja na nakala. Kama lazima uibebe, itie kwenye mfuko usiopitisha maji, uivae mwilini, isikae kwenye begi lililorundikwa pamoja na magunia ya mchele na ndoo za kamba. Ikipotea, nenda polisi upate taarifa ya upotevu, kisha Uhamiaji kwa ajili ya pasipoti mpya, na mara tu ukiipata ingiza namba yake kwenye akaunti kabla ya kugusa mambo ya tiketi. Uwe na akiba ya wiki kadhaa za viza kwa ajali ya namna hiyo. Ndiyo sababu nyingine ya kutocheza na mwezi wa mwisho.

Majina, vyeti na watoto

Tangu Januari 2018 Tanzania inatoa pasipoti ya kielektroniki, ya miaka kumi. Nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi sita mbele, hivyo mwaka wa tisa anza kuishughulikia kupitia ubalozi wetu London au ukiwa likizo. Utaulizwa namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Watu wa delta tuna tatizo letu hapa: wengi tumezaliwa nyumbani kwa mkunga, cheti kimetafutwa ukubwani, na jina la baba limeandikwa Mohamedi huku, Mohamed kule, Muhammad kwingine. Kwetu hao wote ni mtu mmoja. Kwenye kompyuta ni watu watatu. Sawazisha RITA na NIDA kwanza, kwa kiapo cha wakili ikibidi, kabla kosa halijahamia kwenye pasipoti na viza.

Ndoa nayo iandikishwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa iliyofungwa msikitini, lakini karatasi ya shehe ifuatilie mpaka iwe cheti kilichosajiliwa, na uchukue nakala mbili zilizothibitishwa. Moja ikae Uingereza, nyingine ikae Tanzania mahali pasipofikiwa na mafuriko.

Kama una mtoto mliyemzaa Uingereza na mwenzako ni raia wa huko, mtoto ni raia wa Uingereza naye arudi kwa pasipoti ya huko. Anapoingia Tanzania kwa pasipoti hiyo atahitaji viza ya dola 50, sawa na baba yake, na huombwa mtandaoni kabla ya safari. Kwa kuwa wewe ni Mtanzania, mtoto anaweza pia kuwa raia wa Tanzania mpaka afike miaka 18, kwa hiyo unaweza kumwombea pasipoti yetu. Jambo moja ambalo desturi yetu inalifanya kuwa gumu: sisi wanawake wa pwani hatuchukui jina la mume. Utasimama mbele ya afisa ukiwa na jina la baba yako na mtoto mwenye jina la baba yake, na afisa ana wajibu wa kuuliza mtoto ni wa nani. Ukisafiri naye peke yako, beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba iliyosainiwa, ikiwa na namba yake ya simu.

Mwambie mumeo asibebe mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Na kama baada ya Nyamisati mnataka kwenda Zanzibar, tangu Oktoba 2024 mgeni hulipia bima ya Zanzibar dola 44, hata kama ana bima nyingine. Wewe Mtanzania haikuhusu.

Ukitaka kwenda nchi ya tatu

Viza ya mwenza ya Uingereza ni ya Uingereza tu. Haifungui Ufaransa wala Denmark. Kwa pasipoti ya Tanzania utahitaji viza ya Schengen, na utaiombea hapo Uingereza unakoishi, kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada ni euro 90, bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000, na pasipoti ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Balozi nyingi hutaka na kibali chako cha Uingereza kiwe na miezi mitatu hiyo hiyo, jambo linalomaanisha kwamba miezi ya mwisho ya viza si ya kutembelea Ulaya. Mwenzako akiwa raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya na mnasafiri pamoja kwenda nchi nyingine ya umoja huo, omba kama mwanafamilia: viza hiyo haina ada na karatasi zake ni chache. Mume Mwingereza hakupi haki hiyo tangu nchi yake ilipojitoa.

Ireland inahitaji tahadhari ya peke yake. Kwenda Belfast ni sawa na kwenda Manchester, uko ndani ya Uingereza. Lakini kutoka Belfast unaweza kupanda basi mpaka Dublin bila kuona kizuizi hata kimoja, na hapo utakuwa umeingia nchi nyingine bila viza. Watu hufanya hivyo kwa kutojua, wakifikiri kukosekana kwa afisa ni ruhusa. Omba viza ya Ireland kwanza.

Kubadilisha ndege Amsterdam bila kutoka eneo la abiria wa kimataifa hakuhitaji viza kwa pasipoti yetu. Kuunganisha Amsterdam na Paris katika safari hiyo hiyo kunahitaji, kwa kuwa umeshaingia Schengen. Na kama utakaa Nairobi au Addis Ababa zaidi ya saa 12, au utapita Kenya kumwona ndugu kabla ya kuja huku, uwe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku kumi kabla.

Ujerumani, Marekani na Ghuba

Ujerumani wana saa yao: mwenye kibali cha kuishi na mwenza akitoka nchini zaidi ya miezi sita bila ruhusa ya ofisi ya wageni, kibali kinakufa chenyewe, bila barua wala onyo. Kama una sababu nzito, omba ruhusa ya maandishi kabla ya kuondoka.

Marekani, anayesubiri kadi ya kijani kupitia ndoa akiwa ndani ya nchi akitoka bila hati ya ruhusa ya kusafiri, kwa kawaida ombi lake linahesabika limetelekezwa. Mwenye kadi akikaa nje zaidi ya miezi sita huanza kuulizwa maswali; akipita mwaka bila kibali cha kurudi yuko hatarini kuipoteza. Kama ndoa ilikuwa haijafikisha miaka miwili ulipopewa, kadi yako ni ya miaka miwili tu, na zile siku 90 za mwisho ni za kuombea kuondolewa sharti. Kuwa Marekani siku hizo.

Ghuba ni jirani yetu wa zamani. Majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka delta hii kwenda Uarabuni vizazi na vizazi, na ndoa zilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2023 Oman ililegeza masharti ya ndoa kati ya raia wake na wageni, kwa hiyo wengi sasa wanaweza kuandikisha kilichokuwa kimefichwa. Lakini ukaaji wa mke huko unasimama juu ya udhamini wa mume. Oman na Emirates, ukikaa nje zaidi ya miezi sita ukaaji unakatika. Na mdhamini anaweza kuufuta ukiwa huku Tanzania, usijue mpaka siku ya ndege. Kabla ya kurudi, angalia hali ya kibali chako mtandaoni kwa namba yako mwenyewe, na cheti cha ndoa kiwe na mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje na ya ubalozi.

Akikupeleka nyumbani akakuacha

Hili linatokea, na aibu ndiyo inayolifanya liendelee. Mume anasema twende tukawasalimie wazee. Mnafika, siku tatu, anaaga anakwenda Dar kushughulikia jambo, na harudi. Pasipoti iko kwake. Nywila ya akaunti iko kwake. Wiki mbili baadaye simu haipokelewi. Familia inaambiwa ndoa imekwisha, na dada wa watu anakaa kijijini viza ikikatika polepole.

Kwa aliyekuwa na viza ya mwenza ya Uingereza na kuachwa nje ya nchi kwa namna hiyo, tangu Januari 2024 kuna njia rasmi: masharti ya waathirika wa unyanyasaji wa majumbani yanamruhusu aliyetelekezwa ng'ambo aombe kurudi na kuishi huko bila kumtegemea mume. Utahitaji ushahidi: ujumbe wa simu, tiketi yako ya kurudi ambayo haikutumika, maneno ya mashahidi, taarifa ya polisi wa Kibiti. Nenda polisi mapema hata kama wazee wanasema tuyamalize nyumbani. Kuyamaliza nyumbani hakukuzuii kuwa na karatasi. Kwa kinga, mpe dada au rafiki asiye upande wa mume nakala ya pasipoti, ya viza na ya cheti cha ndoa kabla hujapanda ndege. Tiketi ya kurudi iwe kwenye simu yako. Mume mwema hataudhika kwa hayo, na anayeudhika amekupa taarifa muhimu.

Na mwenzako akifariki dunia ukiwa bado kwenye viza hiyo, Uingereza ina njia ya mjane au mgane kuomba ukaaji wa kudumu moja kwa moja. Usidhani umefukuzwa. Omba kabla muda wa viza haujaisha.

Uraia na shamba la minazi

Ukishapata ukaaji wa kudumu na mwenzako ni raia wa Uingereza, unaweza kuomba uraia, na hapa sasa idadi ya siku za nje ipo: zisizidi 270 kwa miaka mitatu ya mwisho, wala 90 kwa mwaka wa mwisho. Tena uwe ulikuwa ndani ya Uingereza siku ile ile miaka mitatu kabla ya ombi kupokelewa. Daftari la tarehe za kutoka na kuingia, ulilolianza safari ya kwanza, litakusaidia hapo kuliko kumbukumbu.

Ila fikiri sana. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na asiye raia hamiliki ardhi kama raia. Bunge limefungua mlango wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, lakini hadhi si uraia. Kama umerithi minazi Salale au jaruba la mpunga Mbwera, kaa na ndugu mzungumze ardhi hiyo itakuwa ya nani kabla ya kula kiapo London. Ukaaji wa kudumu unatosha watu wengi, ila kumbuka kwamba ukikaa nje ya Uingereza miaka miwili mfululizo, nao unakatika.

Ukisharudi

Mwili uliokaa ugenini miaka mitatu umepoteza kinga uliyokuwa nayo dhidi ya malaria. Wengi wa wanaougua malaria Uingereza ni watu waliokwenda Afrika kuwatembelea jamaa, na hawakutumia dawa ya kinga kwa sababu walijiona wenyeji. Wewe, mumeo na watoto mnunue dawa za kinga kabla ya kuondoka, mzimalize hata mkishafika, na mlale ndani ya chandarua Nyamisati kama wageni wengine. Ukipata homa ndani ya mwaka mmoja baada ya kurudi, usingoje miadi: nenda hospitali siku hiyo hiyo, umwambie daktari umetoka delta ya Rufiji, Tanzania, na udai upimwe malaria hata akisema inaonekana ni mafua.